Muulize Fundi: Maiki inacheza kwenye stendi kama jino la mtoto

SWALI: Assalaam aleikum, mzee fundi. Mimi ni maalima wa madrasa ya wasichana hapa Langoni, Lamu. Tuna stendi tatu za maiki. Mbili zililetwa na mjomba wa mwanafunzi wetu kutoka Uingereza, na moja ni ya kale, tuliikuta stoo. Maiki na vishikio vyake tulinunua Mombasa. Kishikio kwenye stendi ya kale kinakaza barabara, lakini kwenye hizi mpya kinavaa tu kama kofia, hata kukizungusha hakuna haja. Tumezongea kitambaa na tepu. Juzi katikati ya kasida maiki ikainama, ikainama, mwisho ikaangukia chetezo na mkeka ukaungua. Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, ndio huo unakuja. Fundi wa mabomba anasema atatutafutia soketi ya nusu inchi. Tumkubalie?

JIBU: Waaleikum salaam, Maalima. Poleni kwa mkeka. Fundi wa mabomba mshukuruni, lakini soketi yake abaki nayo.

Stendi zenu ni nzima na vishikio ni vizima, ila havikuzaliwa nyumba moja. Thredi za stendi za maiki, yaani sehemu yenye meno ya skrubu, ziko za aina mbili kubwa. Ya Kimarekani ni pana, thumuni tano za inchi (thumuni ni moja ya nane), karibu milimita 16, na meno yake ni membamba: 27 kwa kila inchi. Ya Uingereza na Ulaya ni nyembamba, thumuni tatu, milimita tisa na nusu, na meno yake ni manene: 16 kwa inchi. Hiyo ya pili inatokana na vipimo vya Joseph Whitworth, mhandisi Mwingereza aliyependekeza mwaka 1841 skrubu zote za nchi yake zifuate kipimo kimoja. (Msinicheke kwa hizo thumuni. Mjane aliyeachiwa watoto analijua fungu hilo la mirathi kuliko fundi yeyote.)

Kuhakikisha, shikeni rula. Kichwa cha stendi ya kale kitakuwa kama unene wa kidole gumba, na ndani ya sentimita moja mtahesabu meno kumi na kitu. Zile za mjomba zitakaribia kidole cha mwisho, na meno ni sita tu.

Mnachohitaji ni bushi: kipande kidogo cha shaba chenye meno ndani na nje. Ndani ni thumuni tatu, ikae kwenye stendi. Nje ni thumuni tano, ishike kishikio. Na hapa nina shaka na nyinyi. Vishikio vingi huuzwa bushi ikiwa tayari ndani. Kama vyenu vinaingia kwenye stendi ya kale, basi kuna mtu alizitoa. Bushi ina mfereji mdogo usoni, na sarafu inatosha kuifungua. Kabla ya kutuma pesa, pekueni droo, kopo la pini na mifuko ya aliyefunga maiki siku ya kwanza.

Msipozipata, agizeni Mombasa kwenye duka la vyombo vya muziki. Mnayemtuma mpeni kishikio kimoja aende nacho mkononi, maana akitaja inchi kwa mdomo ataletewa chochote. Agizeni tano. Mbili ni za kazi na tatu ni za kupotea. Mzigo ukishapita Mokowe na kupanda mashua, hamtataka kuurudisha.

Sasa, bushi hukaa wapi? Wengi huiacha kwenye kishikio. Kwenu mimi ningeiweka kwenye stendi, na iishi huko. Stendi ya kale tayari ni pana. Zile mbili mkizivisha bushi zote tatu zinakuwa sawa, na kishikio chochote chenu kitaingia popote bila mtu kukumbuka kitu. Tatizo la bushi ni kwamba ukifungua kishikio kwa haraka, nayo hutoka nacho, halafu huanguka mchangani gizani. Dawa yake mnayo nyumbani: tone la rangi ya kucha kwenye meno ya stendi, kazeni bushi kwa sarafu, acheni ikauke. Msitumie gundi kali, siku moja mtataka kuitoa. Meno ya nje yapakeni grisi kidogo, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hugandisha chuma na shaba mpaka viwe kitu kimoja.

Sasa ile soketi ya fundi wa mabomba. Nusu inchi ya bomba si nusu inchi ya rula. Jina hilo ni la tundu la bomba la zamani. Meno yake kwa nje yana upana wa karibu milimita 21. Ingepwaya kuliko kitambaa chenu. Boliti ya thumuni tano ya dukani nayo haifai: upana ni ule ule, lakini meno yake ni 11 au 18 kwa inchi, si 27.

Najua haya kwa kuumia. Kwenye arusi moja Shela nilikosa nati ya kukazia, nikachukua ya milimita 10 kwa fundi wa injini za mashua. Kumi na ile ya tisa na nusu, nikasema, ni ndugu. Ikaingia raundi tatu, ikagoma. Nikatia spana. Meno ya stendi yakatoka kama nyuzi za muwa, na usiku kucha kijana mmoja alisimama akishika maiki ya mwimbaji kwa mkono. Chombo kisipozunguka kwa vidole viwili, acheni.

Jambo moja zaidi. Kishikio kikicheza, mtikisiko wa matari hupita kwenye stendi na kutoka kwenye spika kama mtu anabisha mlango. Mkishakaza, huenda mkagundua mlikuwa mkimlaumu bure mpiga tari.

SWALI: Fundi, nina kinasa sauti kidogo chenye tundu la skrubu ya kamera chini yake. Nataka kukisimamisha kwenye stendi ya maiki, nirekodi wazee wakisimulia. — Kijana wa Malindi

JIBU: Skrubu ya kamera ni robo inchi, meno 20. Ulizia adapta ya kutoka stendi ya maiki kwenda robo inchi, na kwanza pima stendi yako ni ipi kati ya zile mbili nilizomweleza Maalima. Kikaze kwa vidole tu. Tundu la kinasa mara nyingi limeshikwa na plastiki. Na wazee wasogezee stendi wao, usiwasogeze wao kwenye stendi.