Kelele ndogo kwanza: muziki wa BRUIT ≤ unavyojengwa

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: BRUIT ≤, bendi ya Toulouse nchini Ufaransa isiyo na mwimbaji, inapata wapi ule uzito unaomjaa mtu kifuani, na je, vijana wanne wenye vifaa vya kawaida wanaweza kupiga muziki wa aina hiyo?

Wengi watakujibuni kwa kutaja pedali, vile vijiboksi vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Mimi naanzia kwenye jina. "Bruit" kwa Kifaransa ni kelele, na alama inayofuata ni ile ya hesabu: ndogo kuliko, au sawa na. Muziki huu ni mkubwa kwa sababu umejua kuwa mdogo kwanza, na jambo hilo lina hesabu yake.

Sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 hivi za nyongeza, na desibeli 10 ni nguvu mara 10 kutoka kwenye amplifaya. Anayeacha amplifaya ya wati 50 akanunua ya wati 100 amejiongezea desibeli 3 tu, tofauti ambayo aliyesimama nyuma ya ukumbi anaweza asiigundue. Bendi inayoanza kwa nguvu, basi, haina pa kupandia. Inayoanza chini kabisa ina desibeli 30 za bure mkononi. Mazoezini pimeni hivi: katika dakika mbili za kwanza, mtu akikohoa mlangoni asikike. Asiposikika, mmeshatumia akiba yenu kabla safari haijaanza.

Sikilizeni albamu yao ya 2021, The Machine Is Burning and Now Everyone Knows It Could Happen Again. Ina vipande vinne tu. Cha tatu, Amazing Old Tree, kimetulia, nacho kimewekwa makusudi kabla ya kile cha mwisho kinachobomoa kila kitu. Anayekiruka ili awahi fujo anajidhulumu, kwani fujo yenyewe itamfikia ikiwa imepungua. (Msiitafute Spotify, bendi imegoma kuiweka huko. Iko Bandcamp, mtandao wa kuuzia muziki.)

Anayejua muziki wa dansi atasema hili ni chemko tu. Linafanana, lakini chemko la dansi hubadilisha mwendo: mashairi yanaisha, magitaa yanachangamka, watu wanaingia uwanjani. Hapa mwendo mara nyingi unabaki ule ule mwanzo hadi mwisho, kinachopanda ni uzito. Ndiyo maana makosa ya tempo ambayo kwenye dansi yangefunikwa na shangwe, hapa yanabaki uchi.

Makosa hayo huanzia kwenye dilei, pedali inayorudia noti. Muda wake haukisiwi kwa sikio, unapigiwa hesabu: milisekunde 60,000 za dakika moja, gawanya kwa mapigo ya dakika. Kwa mwendo wa 80, pigo moja ni milisekunde 750. Ukitaka ule mtiririko unaofanya gitaa moja lisikike kama mawili, chukua robo tatu ya hiyo, milisekunde 562 hivi, kisha piga noti za nusu pigo bila kuruka hata moja. Marudio yataangukia kwenye mapengo. Marudio 3 au 4 yanatosha, na sauti yake iwe chini ya noti yenyewe, tuseme theluthi moja. Sasa mpiga dramu akipandwa na mori, akatoka 80 hadi 84, pigo linakuwa milisekunde 714 huku pedali iliyowekwa kwa pigo zima bado inahesabu 750. Rudio la kwanza linachelewa milisekunde 36, la pili 72, la nne karibu 143. Msikilizaji hatajua kilichotokea, ataona tu bendi imelewa. Dawa ni mbili: metronomi kwenye sikio la mpiga dramu (yeye peke yake, wengine wamfuate), au pedali yenye kitufe cha kugongea mwendo kwa mguu. Ya kwanza ni rahisi na ni bora.

Riverbu, ule mwangwi wa ukumbi mkubwa, ina mtego wake. Kwa mwendo huo wa 80, kipimo (mzunguko mmoja wa muziki) cha mapigo 4 ni sekunde 3. Ukiweka mwangwi wa sekunde 6 halafu ukabadilisha noti kila kipimo, noti za zamani zinapigana na mpya na unapata uji. Ama ufupishe mwangwi uwe sekunde 2 au 3, ama ushikilie noti zile zile kwa vipimo viwili au vinne. Njia ya pili ndiyo inayoupa muziki huu ule utulivu wake, kwa hiyo msione aibu kukaa sehemu moja.

Mpangilio wa pedali kutoka kwenye gitaa uwe distosheni (ile inayokwaruza sauti), kisha dilei, kisha riverbu. Ukiweka distosheni mwisho, inakwaruza hata mwangwi, na kila kitu kinageuka ukuta mmoja. Wapo wanaoutaka ukuta huo kwa kilele peke yake. Ni sawa, ila iwe pedali ya pili inayowashwa wakati huo tu.

Kuhusu kugawana nafasi, hapa ndipo bendi changa nyingi zinapokwama, na wanadhani tatizo ni spika. Uzi mzito wa besi unatoa hezi (mitikisiko kwa sekunde) 41, wa gitaa 82, wa chelo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kuketi, 65. Fidla inaanzia 196. Maana yake besi, chelo na gitaa wote wanagombea sebule moja, kati ya hezi 100 na 300. Kwenye miksa, kata gitaa chini ya hezi 100, punguza desibeli 3 au 4 kwenye 250, na utashangaa chelo ilikuwapo siku zote. Lakini ekwaliza, yaani huko kukata na kupunguza hezi, haiponyi mpangilio mbovu. Chelo ikishuka kwenye nyuzi zake nene, gitaa lipande fretu ya 12 na kuendelea. Chelo ikipanda kuimba, gitaa lishuke au linyamaze. Mwanamuziki anayekubali kunyamaza vipimo 32 ni hazina kuliko pedali yoyote.

Chelo kwenye jukwaa lenye dramu ina usumbufu mwingine. Mwili wake ni sanduku tupu, nao hupokea sauti ya spika na kuirudisha hadi inavuma. Mpigaji akae pembeni, spika ya besi isimtazame, na mtumie kinasa sauti cha piezo kinachobandikwa kwenye daraja la nyuzi badala ya maikrofoni. Piezo ikichomekwa moja kwa moja kwenye miksa hutoa sauti nyembamba ya kopo, kwa sababu inadai kiingilio chenye ukinzani wa megaohmu 1 au zaidi. Pitisheni kwanza kwenye kijiboksi cha DI, kinachokaa kati ya chombo na miksa, chenye kiingilio cha namna hiyo. Ikiendelea kuvuma, geuzeni swichi ya fezi (inayopindua mawimbi ya sauti) kabla ya kushusha sauti.

Zanzibar chelo na fidla si vitu vya kutafuta kwa tochi, vikundi vya taarab asilia vinavyo, na bashraf, kipande chao cha ala tupu, imekuwa ikifungua maonyesho bila mwimbaji tangu zamani. Asiye na chelo atumie gitaa: kitufe cha sauti kiwe sifuri, piga uzi, kisha kifungue polepole kwa kidole kidogo kwa muda wa sekunde moja, dilei ikiwa imewashwa. Ule mgoto wa kwanza ukipotea, sikio linasikia upinde.

Dramu sina mengi. Anzeni na fimbo zenye vichwa laini kwenye matoazi, ngoma ya mguu ije mwisho. Asiingizwe mtu zaidi ya mmoja kwa kila vipimo 8, na kabla ya kilele acheni kipimo kimoja kitupu, mwangwi peke yake ukining'inia. Kosa la kawaida ni mpiga gitaa kukanyaga distosheni mapema ndani ya ukimya ule. Amplifaya inaanza kuunguruma na siri imetoka. Kanyaga kwenye pigo la kwanza lenyewe.

Ipo njia nyingine, ya Year of No Light wa Bordeaux: magitaa matatu, besi, na wapiga dramu wawili. Wao uzito wanaujenga kwa watu. Inavutia sana, lakini dramu mbili zisipogonga pamoja kabisa zinasikika kama dramu moja mbovu, kwa hiyo kwa watu wanne siishauri.

Kumalizia wimbo, msizime pedali huku mwangwi bado unasikika, mlio wa kukatika utasikika ukumbi mzima. Shusheni kitufe cha sauti cha gitaa, mikono ibaki juu ya nyuzi, mwachie mwangwi ufe wenyewe. Na fundi mitambo aambiwe mapema: asiwashe muziki wa mapumziko mpaka wa mwisho jukwaani ainue kichwa.