Maswali ya Wasomaji: Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Inavuja

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kigamboni. Nyumba yetu haiko mbali na bahari, na katika chumba cha mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 81, tulifunga kiyoyozi cha BTU 12,000 mwaka 2019. Katika miezi 14 iliyopita nimekijaza gesi mara tatu, kila mara kwa shilingi 80,000. Gesi ya kwanza ilidumu miezi saba, ya pili mitano, na ya tatu haikufikisha hata miwili. Sasa mashine ya nje inanguruma kwa muda mfupi kisha inanyamaza, ingawa feni yake inazunguka. Fundi amesema kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, imekufa na niandae shilingi 450,000. Dukani nimeambiwa kiyoyozi kipya cha ukubwa huo ni shilingi 950,000. Joto la kaskazi limeshaanza na mama halali usiku. Je, nitengeneze au ninunue kipya?
*Msomaji, Kigamboni, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu yetu wa Kigamboni, mfikishie mama shikamoo yetu. Tunakuomba usitoe bado hizo shilingi 450,000, kwa sababu barua yako inaonyesha kwamba umeshalipa shilingi 240,000 bila mtu yeyote kukutengenezea kilichoharibika.

Gesi ya kiyoyozi si kama gesi ya mtungi wa jikoni, ambayo huungua na kwisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikichukua joto chumbani na kulitua nje, na mabomba yakiwa mazima gesi iliyowekwa kiwandani hutosha umri wote wa mashine. Ikipungua, pana tundu. Hata ukubwa wa tundu lenu unasomeka katika barua: miezi saba, mitano, halafu chini ya miwili maana yake ni kwamba linazidi kupanuka. Fundi aliyejaza mara ya kwanza bila kutafuta tundu huenda alitaka kukusaidia haraka, lakini aliyejaza mara ya pili na ya tatu alipaswa kukueleza ukweli huu.

Hasara haiishii kwenye gesi. Kompresa hupozwa na gesi ile ile inayorudi kutoka chumbani, kwa hiyo gesi inapopungua kompresa hufanya kazi ikiwa na joto kali, tena bila kupumzika, kwa kuwa chumba hakifikii ubaridi ulioagizwa. Mashine ya BTU 12,000 hula takribani uniti moja ya umeme kwa saa kompresa inapokuwa kazini. Ikiwa nzima hupumzika mara kwa mara chumba kikishapoa, lakini ikipungukiwa na gesi inaweza kuunguruma saa nane za usiku na kumaliza uniti nane za LUKU huku mama akiendelea kutokwa na jasho. Kama kompresa yenu imekufa kweli, basi yaelekea iliuawa na tundu hilo, na mkifunga mpya bila kuliziba, nayo itakufa vivyo hivyo.

Hata hivyo, hatuna hakika kwamba imekufa. Feni kuzunguka huku kompresa ikinguruma na kunyamaza ni dalili ya kawaida ya kapasita iliyochoka, yaani kile kikopo kidogo kinachoipa kompresa nguvu ya kuanza kuzunguka. Joto la pwani na umeme unaopanda na kushuka huichosha upesi, na bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya kompresa. Mwambie fundi aipime kwa mita mbele yako na alinganishe kipimo na namba iliyoandikwa ubavuni mwake, kisha apime waya za kompresa. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa, na hukumu ya kifo isitolewe kabla yake.

Baada ya hapo litafutwe tundu. Anza na macho: gesi husafiri pamoja na mafuta ya kompresa, hivyo doa la mafuta lililoshika vumbi kwenye nati au kwenye kona ya bomba la shaba mara nyingi huonyesha mahali. Kisha mabomba yajazwe naitrojeni na kupakwa povu la sabuni. Fundi akitaka kutumia oksijeni ya kuchomelea mzuie mara moja, kwa maana oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta hulipuka.

Hapa ndipo jibu la swali lako lilipo. Tundu likiwa kwenye nati, kazi ni kukata ncha ya bomba, kuitanua upya na kuikaza. Hapo tengeneza bila kusita. Lakini mnakaa karibu na bahari. Chumvi inayobebwa na upepo hula mapezi ya alumini ya mashine ya nje, hasa yanapogusana na shaba, na baada ya miaka kadhaa hushambulia mabomba yenyewe. Gusa mapezi hayo kwa kidole. Yakipukutika kama biskuti, na tundu likawa ndani ya koili, yaani mabomba yanayopita katikati ya mapezi hayo, ukiziba hapa patatoboka pale. Koili ikiwa imeoza hivyo na kompresa ikathibitika imekufa, sisi tungenunua mashine mpya, kwa kuwa shilingi 450,000 ni karibu nusu ya bei yake na bado koili na gesi havijahesabiwa. Hiyo mpya iwekwe upande usiopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, na mashine yake ya nje ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hulipuuza. Hewa yetu ya pwani imebeba maji mengi, na bomba likifunguliwa unyevu huo huingia ndani, ukachanganyika na gesi na mafuta katika joto la kompresa hadi kuzaa tindikali inayotafuna waya zake. Kwa hiyo kabla ya kujaza gesi ni lazima pampu ya kufyonza hewa ifanye kazi kwa nusu saa au zaidi, kisha izimwe na geji iangaliwe kama sindano inatulia. Gesi nayo ipimwe kwa mizani, kwa aina na uzito ulioandikwa kwenye kibao cha mashine, wala isikadiriwe kwa kushika bomba na kusema limepoa. Patana na fundi bei ya kutafuta hitilafu peke yake, na dhamana unayoiomba iwe ya tundu lililozibwa.

SWALI: Kiyoyozi changu cha zamani kinatumia gesi ya R22. Fundi anasema anaweza kuweka R410A kwa sababu ndiyo iliyopo. Je, nikubali?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Usikubali. R410A hufanya kazi kwa mgandamizo wa takribani mara 1.6 ya ule wa R22, na mafuta yake ya kompresa ni ya aina nyingine, hivyo mabomba na kompresa yako havikuundwa kuihimili. R22 inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimekaribia kuimaliza kabisa ifikapo 2030. Kama mabomba yako hayavuji, endelea kukitumia na kukisafisha. Kikianza kuvuja sana, fedha za R22 ziweke kwenye mashine mpya.

SWALI: Kiyoyozi cha sebuleni kinadondosha maji juu ya kochi, na nimeambiwa gesi imezidi. Ni kweli?
*Mama wa watoto watatu, Tanga*

JIBU: Mama, maji hayo ni unyevu wa hewa uliogeuka matone kwenye koili baridi, na yanatakiwa kutoka nje kwa mpira wake. Katika hali ya hewa ya Tanga huwa ni mengi kila siku, na mpira huota utelezi na kuziba. Zima umeme, toa machujio uyaoshe, kisha mwambie fundi asafishe sinia na kuuzibua mpira, na ahakikishe unateremka njia nzima bila kupanda popote. Baada ya hapo chungulia koili mashine ikiwa imefanya kazi kwa saa moja. Ukiona barafu ingawa machujio ni safi, huenda gesi imepungua. Hapo rudi kwenye jibu tulilompa ndugu yetu wa Kigamboni, na usikubali kujaziwa gesi kabla tundu halijaonekana.