Ndege ya dawa ikianguka ikiruka, uliza mzigo kwanza

Nyinyi mnaoanza uchunguzi wa ajali hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ndege ya kunyunyizia dawa ikianguka wakati wa kuruka mtaambiwa injini ilizima. Andikeni, lakini hilo bado si jibu.

Wilson iko kama futi 5,500 kutoka usawa wa bahari, na joto likifika nyuzi 28 ndege inaruka ni kama iko futi elfu nane na kitu, hewa imekuwa nyepesi, mabawa hayabebi vizuri, propela haivuti vizuri, injini yenyewe inapungukiwa. Sasa ipeleke kwa ngano huko Narok, juu zaidi, kiwanja ni nyasi, tanki la dawa limejaa pomoni. Lita 1,500 za maji ni tani moja na nusu hiyo, na kama saa nane mchana wanajaza kipimo kile kile cha saa kumi na mbili asubuhi, anzieni hapo.

Hizi ndege nyingi hazina kisanduku cheusi kwa hivyo someni chini. Propela ikichapa udongo inaacha mikato, pimeni kutoka mkato mmoja hadi mwingine. Propela ya panga tatu ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inakata mara 100 kwa sekunde, so mkiona sentimita 35 basi ndege ilikuwa na mita 35 kwa sekunde na injini ilikuwa inazunguka, haikuwa imezima.

Halafu tafuteni dawa ilipoanza kumwagika. Rubani ana mpini wa kuvuta wa kumwaga mzigo wote kwa dharura, na pale nyasi zinapoanza kulowa ndipo alipojua haipandi, mimi naona hiyo alama ndiyo ya maana kuliko zote na jua linaikausha haraka sana, pigeni picha mapema. Vaeni glavu na buti tafadhali, kuna dawa zinapitia ngozini.

Vijana wa kuchanganya dawa ongeeni nao mmoja mmoja, mdosi asiwe karibu, na muwaambie mapema kwamba kwa sheria za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, Annex 13, ile sehemu ya uchunguzi wa ajali, uchunguzi ni wa kuzuia ajali nyingine, hatutafuti wa kulaumiwa. Wakishaamini hivyo ndio watawaambia walijaza ngapi kweli. Ripoti ya awali mna siku 30, lakini daftari lao la kujaza lipigwe picha siku hiyo hiyo, kabla halijapelekwa ofisini.