Fildi kwenye kampuni: omba kazi moja uifikishe mwisho

Kila ikifika Julai tunapokea vijana wa fildi, yaani wanafunzi wa vyuo wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo. Wengi wanatoka chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe, wengine vyuo vya CBE na TIA, na haikosi mmoja anayesoma Dodoma au Dar ila kwao ni Nyakato, akaona arudi nyumbani kuepuka kodi ya chumba. Mimi niko kitengo cha manunuzi katika kiwanda cha samaki hapa Mwanza. Nami nilianza hivyohivyo, na barua ya chuo mkononi. Sasa ndiye ninayewasainia vitabu vyao vya fildi.

Wiki ya kwanza haijaisha, atakuja mmoja aniulize kwa adabu: "Dada, samahani, hivi hapa nitajifunza nini? Maana tangu nimekuja natoa fotokopi na kujaza daftari."

Fotokopi sina cha kuitetea. Kampuni nyingi hazijui zimfanyie nini mwanafunzi, basi anageuzwa tarishi. Lakini daftari ni habari nyingine. Daftari analolilalamikia ni la jotoridi: kila shehena ya sangara ikiingia, mtu anachoma kipimajoto kwenye samaki, anaandika namba, saa, jina la wakala aliyeleta samaki, kisha anatia saini yake. Samaki anatakiwa awe na ubaridi unaokaribia wa barafu inayoyeyuka. Inachosha, nakubali. Sasa mwulize msimamizi kwa nini linajazwa, atakueleza yaliyotokea mwishoni mwa miaka ya 1990, pale Ulaya ilipofunga soko mara kadhaa kwa samaki wa Ziwa Victoria: kwanza hofu ya bakteria wa salmonela, kisha kipindupindu, halafu mwaka 1999 ikawa ni uvuvi wa sumu. Viwanda vilisimama, na wavuvi wa visiwani wakabaki na samaki wasio na mnunuzi. Ndiyo maana leo boksi la minofu likikataliwa ng'ambo, lazima tuweze kurudi nyuma hadi tujue lilitoka kwa wakala gani, siku gani, na lilikuwa na ubaridi kiasi gani. Hiyo namba uliyoiandika huku umenuna ni sehemu ya ushahidi wetu.

Chuoni unafundishwa manunuzi peke yake, uhasibu peke yake, ubora peke yake. Kwenye kampuni unaona karatasi ya meza moja inavyomkwamisha mtu wa meza ya tatu. Mimi naona hiyo ndiyo faida kubwa ya fildi, na haiji kwa kukaa kwenye kiti ukisubiri kutumwa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: ukishazoea mazingira, nenda kwa msimamizi uombe kazi moja, hata iwe ndogo, uifuate tangu inapoanza hadi inapoishia. Usiombe "kujifunza kila kitu". Ukiomba hivyo utazungushwa idara zote, utapewa viti vingi na utoke bila kitu cha kueleza.

Kuna binti wa uhasibu alikuja kuniuliza kwa nini kilo za kwenye karatasi ya wakala hazilingani na kilo tulizolipa. Ningeweza kumjibu kwa sentensi mbili. Nikamwambia afuate mzigo mmoja. Kesho yake alifika alfajiri, akapewa buti za mpira, koti jeupe na kofia ya kufunika nywele, akasimama mapokezi. Akaona barafu inavyochujwa kabla ya mizani, samaki wasiofika sentimita 50 wanavyotengwa kwa kuwa sheria hairuhusu, na wengine wanavyokataliwa kwa kubonyezwa tu kidole tumboni. Akaufuata mzigo hadi kwenye meza za visu. Huko ndiko alikotoa macho, maana sangara mzima akishachunwa, minofu inayopatikana haifiki nusu ya uzito wake. Kinachobaki hakitupwi: mapanki, yaani mifupa na vichwa, yana wanunuzi wake, na mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni ambavyo mgeni angedhani ni takataka, kilo yake ina bei kuliko kilo ya minofu. Alirudi ofisini ananuka samaki, akatengeneza jedwali la kulinganisha kilo za wakala, za mapokezi na zilizolipwa. Jedwali hilo tunalitumia hadi leo, na ripoti yake haikuwa na zile kurasa tano za historia ya kampuni zilizonakiliwa kwenye tovuti.

Huyo akiulizwa kwenye usaili "tueleze ulichofanya fildi", ana la kusema.

Jambo lingine ni watu. Wanafunzi wengi hujipendekeza kwa meneja, wakampita mzee wa stoo bila hata salamu. Mzee wa stoo ndiye anayejua ankara ya mwaka juzi iko kabati gani, na mashine ipi huharibika kila masika. Mwamkie. Shikamoo inatosha, ila ukimpa "mwangaluka" asubuhi na ni Msukuma, utashangaa milango itakavyofunguka. Na usidharau unachokisikia mezani kwa mama lishe mchana. Nimejua mengi kuhusu bei za mawakala wa Ukerewe na Kome pale kuliko kwenye vikao.

Ukigundua kazi uliyoisomea huipendi, hiyo nayo ni faida. Heri ujue mwaka wa pili kuliko ujue ukiwa na mkataba.

Kuhusu pesa tusidanganyane. Marekani kampuni kubwa huwachukua wanafunzi likizo ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, nyingi huwalipa, na wanaofanya vizuri huahidiwa ajira kabla hawajamaliza chuo. Huku kwetu wengi hufanya bure. Mwenye mkopo anaweza kuwa na fungu la mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo. Asiye nao anategemea nyumbani. Kampuni nyingine hutoa nauli au chakula cha mchana, kwa hiyo uliza mapema bila aibu, kabla hujaanza kupanda daladala mbili kila siku kwa mfuko wa mama.

Na mtu akikuambia nafasi ya fildi inalipiwa, ondoka. Vilevile kwa bosi anayetaka mkutane nje ya kazi ndipo akusainie kitabu. Hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja waziwazi kuwa ni kosa. Hifadhi ujumbe wake wote, mwambie msimamizi wako wa chuo, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapigiwa bure namba 113.

Kitabu cha fildi kiandike kila siku jioni. Kile kinachojazwa usiku mmoja kabla msimamizi wa chuo hajafika tunakitambua kwa rangi moja ya wino. Wiki ya mwisho omba barua ya mapendekezo, wakati bado wanakumbuka sura yako, na uiandike rasimu mwenyewe maana meneja ana mambo mengi. Ukishaondoka, usitafute watu siku ya shida tu. Ukihitimu watumie ujumbe hata wa mistari miwili.

Kwa wanaotaka kuja mwakani: usisubiri Juni. Kwetu barua zinaanza kuingia Machi, na Mei ikiisha viti vimejaa. Lete kwa mkono, acha nakala moja mapokezi, na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Baada ya wiki mbili pita uulizie, ukitaja tarehe iliyo kwenye muhuri.