Maswali na Majibu: Picha ya bluu si ushahidi kwamba protini zako zinashikana

Swali: Shikamoo Profesa. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nimeingiza protini mbili kwenye AlphaFold-Multimer, programu ya kutabiri umbo la protini zikiwa pamoja, nione kama zinashikana. Picha imetoka safi, karibu yote ya bluu, rangi ya uhakika mkubwa: pLDDT, alama ya uhakika wa umbo, imepita 90 kati ya 100, ila ipTM, alama ya jinsi protini hizo zinavyokaa pamoja (kati ya 0 na 1), ni 0.41. Je, naweza kuandika kwenye tasnifu kwamba zinashikana? Pia kuna programu inauzwa, wanadai inatambua protini zinazoshikana kwa usahihi wa asilimia 98 kwa kusoma mfuatano wa asidi amino tu. Niitumie kuhakikisha?

Jibu: Marahaba. Usiandike hivyo. Na hiyo programu usiiguse kwanza.

Kosa hili la kuamini rangi ya bluu linanifikia kila mara, na linaniudhi kwa sababu limeshaingia hata kwenye tasnifu zilizopitishwa. Hiyo pLDDT inaitathmini kila asidi amino pamoja na majirani zake wa karibu: inakuambia kama mkunjo wa mahali pale unaaminika. Haisemi lolote kuhusu protini moja kukaa na nyingine. Chukua protini mbili ambazo hazikutani kamwe ndani ya seli, kila moja ikiwa na muundo unaojulikana vizuri, ziingize pamoja: utapata picha ya bluu tupu, zimekaa ubavu kwa ubavu. Watu wawili kupiga picha pamoja hakujawafanya mke na mume.

Shida ni kwamba watu wanadhani wameiuliza programu, "Je, hizi zinashikana?" Sivyo. Umeiuliza, "Kama zingekuwa pamoja, zingekaaje?" Na hilo itakujibu siku zote, hata jibu likiwa la kubahatisha. Imefunzwa kwa miundo iliyopimwa maabara, ambamo mikusanyiko ya protini imo kwa sababu ilikuwa imeshikana tayari. Haikufundishwa kunyamaza.

Kwa mgusano wenyewe, tazama ipTM na mchoro wa PAE, yaani makadirio ya kosa la nafasi ya kila asidi amino ikilinganishwa na nyingine. Kwa kawaida ipTM iliyozidi 0.8 inaaminika, iliyo chini ya 0.6 huenda utabiri umeshindwa, na katikati ni utata mtupu. Yako ya 0.41 imeshindwa, ingawa kuna jambo moja la kuangalia kabla hujakata tamaa: mikia mirefu isiyo na umbo maalumu huishusha alama hii hata pale mgusano ulipo wa kweli. Ikate mikia hiyo, rudia, tumia mbegu kadhaa za bahati nasibu (namba ambazo programu huanzia hesabu zake), uone kama modeli zote zinaiweka protini ya pili mahali pale pale. Ikihamahama, huna kitu. Kwenye PAE usitazame miraba miwili iliyo kwenye mshazari, hiyo ni kila protini na nafsi yake. Tazama pembe mbili zilizobaki. Zikionyesha makosa makubwa, maana yake programu yenyewe inakiri haijui protini hizi zimekaaje kuhusiana.

Hata idadi ya minyororo ya protini inaiacha mikononi mwako. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, alfa miwili na beta miwili. Ukiingiza alfa mmoja na beta mmoja utapewa jozi nzuri tu, wala hutaambiwa kwamba nusu ya mkusanyiko haipo. Na mahali programu inapotegemea kumbukumbu ya mageuko, yaani protini mbili kubadilika kwa kufuatana vizazi kwa vizazi, kingamwili na antijeni yake (kile inachokishika) huwa mtihani mgumu, kwa kuwa hazina historia hiyo ya pamoja.

Utabiri mzuri unakupa dhana ya kupimwa. Chagua asidi amino mbili tatu za kwenye mgusano, zibadilishe kwenye jeni, kisha upime kama protini bado zinashikana, na uhakikishe kwamba protini uliyoibadilisha bado imejikunja sawasawa. Mshikano ukipotea hapo, una la kuandika. Usiifanye kazi hiyo kwenye kompyuta, maana programu hizi mara nyingi hutoa picha ile ile hata ukiharibu mgusano.

Sasa hiyo asilimia 98. Tangu mwaka 2012 watafiti Park na Marcotte walionyesha kwamba usahihi wa programu za aina hii huporomoka pale jozi za mtihani zinapokuwa na protini ambazo programu haikuziona wakati wa mafunzo. Sababu ni rahisi na inachukiza: programu inajifunza ni protini zipi zina marafiki wengi kwenye data, basi kila jozi yenye mojawapo inaipa "ndiyo". Hiyo ni kukariri. Wanaouza wanajua, au walipaswa kujua.

Na tuseme hata wangekuwa wakweli. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000, yaani jozi kama milioni 200, na sehemu ndogo sana ya jozi hizo ndiyo inayoshikana. Programu inayokosea asilimia 2 tu kwenye jozi zisizoshikana itakuletea mishikano ya uongo ipatayo milioni 4. Orodha kama hiyo ikiwekwa kwenye hifadhidata bila kupimwa, kesho mwingine ataifunza programu yake kwa uongo huo, na keshokutwa maabara itatumia fedha na miezi kutafuta dawa ya kuvunja mshikano usiokuwepo.

Kwa hiyo kabla hujalipa, waulize: katika jozi za mtihani wenu, ni ngapi ambazo protini zote mbili, pamoja na ndugu zake wanaofanana nazo kwa mfuatano, hazikuwemo kabisa kwenye mafunzo, na usahihi kwa hizo tu ulikuwa kiasi gani? Wakianza kukuonyesha picha, ondoka.