Testi ya malipo inagoma ikiitwa peke yake

SWALI: Dada habari za kazi. Mi natengeneza mfumo wa oda wa duka la nguo Kariakoo, natumia Python, pytest ya kuendeshea testi, na databesi ya PostgreSQL. Testi, yaani kodi za kukagua kama mfumo unafanya kazi, ziko kwenye mafaili matatu, wateja, oda na malipo. Nikiziita zote zinapita, nikiita ya malipo peke yake databesi inagoma eti oda haipo. Nimeweka namba mwanzoni mwa majina ya mafaili ili yafuatane, ila juzi nimeongeza faili moja tu katikati kila kitu kikavurugika. Nifanyeje? (Msomaji, Sinza)

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Hizo namba zitoe. Malipo yanataka oda, oda inataka mteja, na hiyo habari saa hizi iko kwenye majina ya mafaili tu, pytest haijui chochote, kwa hiyo testi ya malipo inaishi kwa mabaki ya testi ya oda na ikiwa peke yake inakuta jedwali tupu. PostgreSQL kugoma iko sahihi kabisa, malipo ya oda isiyokuwepo ni hela ya nani?

Fungua conftest.py, faili ambalo pytest inalisoma yenyewe, andika fanksheni tatu, kila moja iwe na @pytest.fixture juu yake, alama ya kwamba inaandaa kitu ambacho testi inakihitaji: mteja, oda(mteja), malipo(oda). Basi. Testi ikitaja malipo tu, pytest inasoma kwenye mabano inarudi nyuma yenyewe, mteja kwanza, kisha oda, ndo malipo, hata uyapange mafaili unavyotaka. Na ukiweka yield ndani, kodi ya kufuta ikae chini yake, testi ikiisha usafi unafanyika kinyumenyume, malipo yanaondoka kwanza mteja wa mwisho, databesi hailalamiki.

Usishawishike kuzipa scope ya session, yaani kitu kitengenezwe mara moja kitumiwe na testi zote, ili testi ziende haraka. Koneksheni ya databesi sawa, iishi session nzima, ila mteja ambaye testi moja inambadilisha namba ya simu halafu nyingine inamkuta hivyo hivyo, hapo umerudi kule kule kwenye mabaki. Kila testi ipate wa kwake, ikiisha fanya rollback, yaani rudisha databesi ilivyokuwa.

Ukikuta oda inataka malipo na malipo yanataka oda, pytest itakataa, wanazungukana. Tengeneza oda isiyolipwa kwanza, malipo ndo yaifuate.

Ukimaliza weka pytest-randomly, nyongeza ya pytest, inachanganya mpangilio wa testi kila ukiziita. Itakayoanguka ndo bado inategemea ya jirani, anza nayo hiyo.