Kibanda cha wachimbaji jangwani: tulale ndani au tubebe hema?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni kijana wa Nyegezi, Mwanza. Novemba naenda Marekani kumtembelea kaka yangu anayeishi Nevada. Amepanga twende Death Valley, hifadhi ya jangwani huko California, tutembee siku mbili hadi Panamint City, mji wa machimbo uliohamwa zamani, tulale kwenye vibanda vilivyobaki. Anasema hema ni mzigo wa bure kwa kuwa vibanda bado vina mapaa, na maji yapo njiani. Je, ni salama? Maji nibebe kiasi gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Bebeni hema. Naanza na hilo kwa sababu kazi yangu ni kuongoza wapanda milima, na safari zilizonitia hofu ni zile ambazo watu walifunga mizigo yao wakiitegemea nyumba ambayo hawajaiona. Pangeni kila kitu kana kwamba vibanda havipo: paa linaweza kuwa limeanguka, au mkakuta wenzenu wamewahi.

Lakini hata kibanda kikiwa kizima, nisingelala ndani, na sababu ni panya. Kuna panya mdogo wa porini, mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, anayependa sana nyumba zisizo na watu. Baadhi yao wana kirusi cha hanta. Mkojo na kinyesi chao vikikauka vinachanganyika na vumbi. Ukipiga godoro kuu­kuu kofi moja, au ukifagia sakafu, lile vumbi unalivuta. Aina ya kirusi hicho inayopatikana magharibi ya Marekani iligunduliwa mwaka 1993. Mwaka 2012, katika hifadhi ya Yosemite, California, wageni 10 waliugua, karibu wote wakiwa wamelala kwenye mahema ya kudumu ya kukodisha ambayo panya walijificha ndani ya kuta zake. Watatu walifariki. Hanta haina chanjo wala dawa yake maalumu, na inaua zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu wanaoipata. Wanaoipata ni wachache, lakini kwa kiwango hicho cha vifo mimi sibahatishi.

Hapa nataka usome taratibu. Dalili huanza wiki moja hadi nane baada ya kuvuta hilo vumbi. Wakati huo utakuwa umesharudi Nyegezi. Homa, uchovu, misuli ya mapaja na mgongo inauma: nani hapa kwetu hatasema ni malaria? Utapimwa, kipimo kitasema huna, utapewa dawa za maumivu, na siku chache baadaye kifua kinaanza kubana, pumzi hazitoshi. Kwa hiyo andika kwenye karatasi tarehe ulizokuwa kwenye vibanda na uiweke ndani ya pasipoti. Ukipata homa ndani ya wiki nane, kapime malaria kama kawaida, ila mwambie daktari tangu mwanzo: "Niliingia kwenye nyumba yenye panya huko Marekani, huenda ni hanta." Sentensi hiyo moja itambadilishia daktari mawazo yote.

Mvua ikiwalazimisha kuingia ndani, fungueni milango na madirisha, mkae nje nusu saa. Bibi zetu hunyunyiza maji uwanjani kabla ya kushika fagio la chelewa, na hapa wazo ni hilohilo, ila maji matupu hayatoshi. Changanyeni jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, mlowanishe kinyesi na viota, msubiri dakika tano, kisha mfute kwa kitambaa kibichi mkiwa na glavu. Msifagie. Msilalie godoro mtakalolikuta, na chakula kikae kwenye chombo chenye mfuniko.

Sasa maji. Anzeni na lita nne kila mmoja, yaani kilo nne mgongoni, hata kama kaka yako ana hakika na njia. Amesema kweli: chini ya korongo mtakalolipanda, Surprise Canyon, kuna kijito kinacholishwa na chemchemi, bahati adimu kwa jangwa. Yachujeni au myachemshe kabla ya kunywa. Ila kumbuka kuchemsha kunaua vijidudu tu, madini mazito yanabaki palepale. Watu wa Kanda ya Ziwa tunajua marudio ya machimbo, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa, yanavyoharibu mto, basi msichote maji yanayotiririka kutoka kwenye vifusi vya mgodi.

Jasho nalo litakudanganya. Mwanza ukipanda kilima saa saba mchana shati linakuganda mgongoni, unajua umepoteza maji. Kule hewa ni kavu mno, jasho linakauka likitoka tu kwenye ngozi. Shati linabaki kavu, unachokiona ni mistari myeupe ya chumvi kwenye kola. Usingoje kiu. Kunywa kidogo kidogo njia nzima na utafune karanga zenye chumvi. Mkojo ukiwa wa manjano iliyoiva, simama kivulini unywe.

Kuhusu joto, Novemba ni mwezi mzuri. Death Valley ndiko ilikopimwa nyuzi 56.7 Julai 1913, na kiangazi nisingekuruhusu hata kidogo. Tatizo lako litakuwa baridi. Njia ni kama kilomita nane kwenda, lakini inapanda zaidi ya mita 1,100, na mji wenyewe uko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Hujawahi kuona maji yakiganda nje ya friji, na huko usiku unaweza kuyaona. Beba mfuko wa kulalia wa baridi chini ya sifuri.

Mashimo ya migodi msiingie, hata hatua tatu. Kama una ndugu aliyewahi kushuka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, Geita, muulize matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta, yanavyooza na hewa nzito inavyoua bila harufu. Hayo ya kule yamekaa miaka mingi bila mtu wa kuyakagua.

Ulizeni pia hali ya hewa siku hiyohiyo. Panamint City ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya madini ya fedha, na mwaka 1876 mafuriko ya ghafla yakashuka na korongo hilo yakabomoa sehemu kubwa ya mji. Lile bomba refu la tanuri la matofali mtakalolikuta limesimama ni mabaki ya enzi hizo. Wingu likijaa mlimani, msilale kwenye mkondo.

Simu hazishiki huko. Julai 1996 Wajerumani wanne, watu wazima wawili na watoto wawili, walipotea katika hifadhi hiyohiyo ya Death Valley. Gari lao lilionekana Oktoba, mabaki ya watu wazima yalipatikana 2009. Muachie shemeji yako karatasi yenye njia, saa ya kurudi na saa ya kupiga simu ya dharura, na mkodi kifaa cha kutuma ujumbe kwa setelaiti.

Mpaka Novemba una muda. Jumamosi hii weka kidumu cha lita tano kwenye begi, vaa viatu utakavyosafiri navyo, uanze kupanda mawe ya Mabatini asubuhi na mapema. Wiki inayofuata ongeza kingine.